Nguzo ya Kushoto

"Mupige basi! Mutanipiga na mimi!" Cibalonza alipiga kelele, ameikumbatia nguzo ya kushoto ya mlango wa banki. Fundi mwenye nyundo akarudi nyuma, akamtazama injinia.

Ilikuwa mwaka 1974, na amri ilikuwa imetoka Kinshasa: mlango wa zamani upanuliwe. Watu wa mbali wanajua nini? Bukavu nzima ilijivunia jengo lile, kona yake ya mviringo inayoangalia ziwa, madirisha yake ya duara, na zile nguzo mbili nene za mlangoni.

Injinia Bisimwa hakuwa mtu mbaya. Alichuchumaa karibu na yule mama.

"Maman, kuko nini hapa?"

"Mutoto wangu. Firmin."

Akaeleza. Banki ilipojengwa, mwaka 1952, mumewe Mushagalusa ndiye alikuwa kapita, msimamizi wa mafundi. Firmin, kifungua mimba wao, alikuwa na miaka kumi na tisa, akifanya kazi chini ya baba yake. Jioni moja Mushagalusa alirudi nyumbani peke yake, nguo zimejaa simenti. Akasema kijana ameteleza huko juu, akaangukia ndani ya mbao za nguzo wakati beto, ile zege, inamwagwa, na mzungu akakataa kusimamisha kazi. Matanga yalifanywa bila mwili.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, Cibalonza alikuja. Aliifuta nguzo vumbi kwa kitenge chake, akaisemesha kwa Mashi, lugha ya kwao, akamwita mwanawe Firmin hata baada ya serikali kupiga marufuku majina ya ubatizo. Miaka ishirini na miwili, jamani! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mushagalusa yeye hakuwahi kuikaribia. Alimngojea mkewe ng'ambo ya barabara, amegeuza uso, na watu walimhurumia sana.

Bisimwa alifuta macho. "Sikiliza, maman. Tutavunja polepole. Kila mufupa tutaukusanya, na sanduku nitanunua mimi mwenyewe. Utamuzika mutoto wako kwenu Mumosho."

Cibalonza akaiachia nguzo. Kaburi! Kumbe na yeye angepata kaburi la kulilia, kama mama wengine. Alicheka huku analia, akashika njia ya parokia kumwita padri, anakwenda mbio na uzee wake wote.

Alipopotea kwenye kona, Mushagalusa, aliyekuwa amesimama ng'ambo kama siku zote, akavuka barabara. Mzee mzima, alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya mafundi.

"Citoyen injinia, nakuomba. Muvunje yote, lakini nguzo ile muiache."

"Lakini papa, tunataka kukurudishia mutoto wako!"

"Hamutakuta hata mufupa mumoja." Sauti yake ilikuwa ndogo, Bisimwa ikabidi ainame. "Siku ile tuligombana, nikamufukuza. Nilikuwa na hasira, nikaambia mama yake amekufa. Kesho yake watu walikuwa wamejaa kwa kilio, nikashindwa kusema. Firmin iko Kolwezi. Kila Noeli anaandikia mama yake barua, anamuuliza sababu gani hamujibu, na mimi ndiye ninaenda kuichukua posta."