Mkoba Haufunguliwi

King'ora kililia, na foleni nzima ya malipo ikageuza shingo.

Mama alikuwa amesimama katikati ya zile nguzo mbili za mlangoni, uso kauelekeza barabarani, mkoba kaubana kwapani. Tangu alfajiri alikuwa akipiga deki ofisi za watu. Miguu ilikuwa imemvimba, na goti la kushoto lilishaacha kulalamika, sasa lilikuwa linatukana.

"Mama, rudi kidogo," mlinzi alimwita. Alikuwa mtu wa makamo, sare imempwaya mabegani. "Nifungulie mkoba nitazame."

"Sifungui."

Ndani ya mkoba, chini ya sweta, kulikuwa na blauzi ya bluu ya duka lile lile, na kile kidude cheupe cha kuzuia wizi kimeng'ang'ania ukosini kama kupe. Mama alijua kipo. Alijua pia kwamba mkoba ule ukifunguliwa mbele za watu, nyumba yake imekwisha.

"Risiti unayo?"

"Ya nini? Sijanunua kitu."

"Hukununua, na kimelia."

"Baba, hata mtoto mchanga hulia, na si kila akilia ana njaa."

Mtu mmoja alicheka kwenye foleni. Dada mmoja aliyekumbatia pakiti ya nepi hakucheka. "Mama, si ufungue tu yaishe? Msafi haogopi."

"Basi anza wewe, mwanangu. Fungua wako tuone ulivyoupanga."

Dada akaushika mkoba wake vizuri.

Mama alivuta pumzi. Miaka kumi na mmoja alikuwa akifagia ofisi ya mawakili. Vumbi alilitupa, maneno yakabaki naye.

"Sikiliza, baba. Wewe una sare, mimi nina mkoba wangu. Kuomba unaweza, na mimi kukataa naweza. Mkono wako hauingii humu mpaka niridhie. Ukinishuku, ita polisi, waje na askari mwanamke, anipekue faragha. Si hapa mlangoni kama mbuzi wa mnada."

Aliyasema bila sauti kutetemeka. Ila alipolitamka lile neno polisi, aliubana mkoba kwapani zaidi.

Meneja aliitwa. Alikuja na rundo la funguo linalogongana kiunoni, na uso wa mtu aliyekwisha kugombana na watu wanne siku hiyo.

"Mama, mwezi huu tumeibiwa nguo mpaka aibu," alisema. "Nimeapa, nikimpata mwizi, ni polisi moja kwa moja. Awe bibi, awe babu, mvi sizitazami."

"Usizitazame. Lakini mikono hii haijachukua kitu cha duka lako, hata uzi. Niapishe kwa lolote unalolitaka."

Meneja alimkazia macho. Mama naye hakuyakwepesha yake.

"Asiondoke," meneja akamwambia mlinzi. "Naenda kutazama kamera."

Mlinzi alisogeza kigoda chake mwenyewe karibu na nguzo. "Kaa, mama. Najua miguu inavyouma. Mimi hii yangu jioni huwa siihisi kabisa."

"Asante, baba." Akakaa, mkoba mapajani, mikono miwili juu yake.

"Usinichukie. Nikiacha mtu apite, nakatwa mshahara. Na mashine yenyewe ina kichaa. Juzi imemlilia mzee mmoja wa heshima zake, futi ya fundi shingoni. Kanisalimia vizuri, kaniuliza kama na watoto hawajambo. Niliona haya hata kumgusa. Nikamfungulia mlango, akaenda zake."

Mama alitazama chini, kwenye vigae. Alivijua vigae vya namna hiyo, havishiki uchafu ila vinaonyesha kila unyayo.

"Mungu akuzidishie," alisema polepole.

Walikaa, wachovu wawili, watu wakipita. Kila funguo zilipolia kule ndani, vidole vya mama viliukaza mkoba.

Meneja aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nimerudisha picha za humu ndani saa nzima," alimwambia mlinzi. "Kila rafu. Huyu mama hakusogelea nguo hata moja. Hata moja! Unaniaibishia wateja."

"Lakini kimelia, bosi."

"Kitengenezwe!" Akamgeukia mama, sauti imelainika. "Tuwie radhi, mama yangu. Ulikuwa na haki ya kukataa, na sisi tumekuweka hapa kama mhalifu. Njoo, nikutoe mwenyewe."

"Niache tu, mwanangu. Nipumzike kidogo, halafu nipite ndani nitazametazame..."

"Hapana, hapana, umeteseka vya kutosha. Nenda nyumbani ukapumzike."

Alimshika mkono kwa adabu, kama anayemsindikiza mkwewe. Walipopita kwenye nguzo, king'ora kikalia tena. Meneja aliipiga nguzo kofi. "Kimya wewe!" Foleni nzima ikacheka. "Karibu tena, mama."

Mama aliitembea barabara yote bila kuitazama blauzi.

Nyumbani, mumewe alikuwa mezani, futi ya fundi shingoni. Cherehani waliiuza miaka sita iliyopita, mwaka ule kumbukumbu zake zilipoanza kumtoroka, lakini bado kila asubuhi alipiga viatu rangi akaenda madukani kuchukua kazi za wateja. Mbele yake zilikuwa suruali mbili mpya zilizokunjwa vizuri, kila moja na kidude chake cheupe.

"Mama watoto, kazi zinamiminika!" alisema kwa furaha. "Na ile blauzi, mwenyewe kaipokea?"

Mama aliitoa mkobani, akaiweka juu ya zile suruali.

"Leo nimeishia mlangoni, baba watoto. Kimelia nikiingia, nilipogeuka wakadhani natoka. Kesho nitajaribu tena kuingia nayo."