Kura ya Profesa Hollweg

Profesa Wendelin Hollweg alikuwa amepiga magoti sakafuni, mtu mzima wa miaka sitini, akipekua majalada ya michoro moja baada ya jingine. Yalikuwa mia tatu, yote yana namba tu. Majina ya waombaji yalifungiwa kwenye bahasha ili pasiwe na upendeleo, na siku hiyo yeye alitaka kupendelea.

Mkewe wa zamani alikuwa amempigia simu. "Annegret ameomba kuingia chuoni kwenu. Ukimwangusha na hapa, Wendelin, mwanao humpati tena."

Miaka sita binti yake hakuwa amemwandikia hata mstari. Hollweg alikuwa mchoraji mwenye jina, picha zake zimetundikwa Köln hadi Hamburg. Alikuwa amefundisha nusu ya wachoraji wa mji, lakini mkono wa mwanawe hakuujua. Alikumbuka tu kwamba utotoni alipenda farasi. Jambo hilo lilimuuma.

Kufikia adhuhuri, walimu sita wa jopo walipoketi kuamua, ilibaki nafasi moja, na majalada mawili.

Namba 87 lilijaa farasi. Moyo ukampiga paa.

Namba 204 lilikuwa na mwanamume mmoja tu, amechorwa mara kumi na mbili, kila mara akiwa amegeuza mgongo.

"Huyu wa migongo ananiliza mimi," alisema Bi Tiedge, mwalimu wa uchongaji, huku akitafuna mkate wake wa jibini. "Hebu tazameni hayo mabega!"

"Anakwepa nyuso," alisema Hollweg. "Hajui kuchora uso, basi anatugeuzia mtu."

"We Hollweg, leo umeamkia ubavu gani? Farasi hawa hata punda atawacheka!"

Wenzao wakaangua kicheko. Kura zikatoka tatu kwa tatu. Kwa desturi ya chuo, kura zikilingana, mwalimu mkongwe ndiye mwamuzi, na mkongwe alikuwa yeye.

"Farasi," alisema, machozi yakimlengalenga. Kwa mara ya kwanza maishani alijiona baba.

Karani, Bi Kniep, akachana bahasha ya 87. "Detlef Murr, wa Bremen."

Hollweg alinyoosha kidole kwenye bahasha ya pili. Bi Kniep akamhurumia, akaifungua, akasoma jina la mwombaji na jina alilozipa picha zake.

"Annegret Hollweg. 'Baba Yuko Nyumbani.'"