Reli ya Pili

Fundi aliilaza reli ya chuma juu ya kioo, akaisukuma kwa kidole. Ikabiringika nusu, ikagoma. Mwanga ulipenya chini yake, upana wa ukucha: imepinda.

Miezi tisa alikuwa akijiundia mashine ya kuchonga mbao kwa kompyuta. Reli mbili, zilizonyooka kama uzi, ndizo zingebeba kisu chake.

"Nani kaigusa hii?" akanguruma.

"Mimi, baba," mama mkwe akajibu mlangoni. "Kamba ilikatika, nikaanika mablanketi juu yake. Chuma kigumu hicho, wala hakikulalamika."

Hasira zikampanda. Mkwe hafokewi. Mkewe, nyuma ya mama yake, alimkazia macho.

Akaichukua reli ya pili, ile nzima, akamkabidhi mkwewe kwa mikono miwili.

"Chukua na hii, mama. Peke yake haina kazi."