Ndagala za Alhamisi

Alhamisi ile Gloriose alipewa ruhusa ya nusu siku kazini, ya kwanza tangu Pasaka. Alipita sokoni akanunua ndagala mbichi, dagaa wa ziwani, akafika nyumbani Kilibula, akamwambia yaya akapumzike, akajifunga kitenge kiunoni.

Alifungua kopo baada ya kopo akitafuta chumvi, asiione. Binti yake wa miaka mitano ndiye aliyemwonyesha: ilikuwa nyuma ya chupa ya mawese.

Akapika taratibu, kwa raha aliyoingoja miezi. Mafuta mekundu yalimrukia mkononi, wala hakujali.

Mtoto akaonja, akatafuna kwa adabu.

“Iko muzuri, mama. Lakini haiko ya kwetu.”

“Ya kwetu iko namna gani?”

Mtoto akafikiri sana.

“Yaya ndiye anajua. Miye najua kula tu.”

Gloriose alitaka kucheka, asiweze. Akabaki amesimama na mwiko mkononi, mawese yakidondoka sakafuni tone kwa tone.

Mtoto alimwona, akamhurumia. Akaisogeza sahani kando, polepole, asimuudhi.

“Siku ingine ukikuja mapema, mama,” akasema, “tutakuwekea na weye ya kwetu.”