Ua Chini ya Ndoo

Kwa jina la Mola aliyeumba harufu njema na harufu mbaya, kisha akamjaalia mja wake pua ya kuzipambanua, twaanza.

Chumbani walikuwamo wanne. Mezani aliketi mchanganya manukato, mtu wa makamo, kofia yake imenyooka kichwani. Kando yake alisimama mkewe, bangili nne za fedha mkononi. Mbele yao alikaa baba mdogo, funguo za duka zi mapajani. Mlangoni alisubiri mdogo wake mchanganya manukato, amekumbatia chungu kilichofunikwa kwa ndoo.

"Wasia wa marehemu kaka yangu mnaujua," alisema baba mdogo, akaziweka funguo mezani. "Funguo akae nazo mwenye pua. Sasa maneno yamezagaa kwamba pua ya mwanangu huyu imekufa. Leo tutajua."

Maneno yalikuwa kweli. Miaka mitatu iliyopita homa ilimlaza mchanganya manukato siku tisa, na ilipomwacha iliondoka na pua yake. Tangu hapo udi na moshi wa taka, asumini na maji ya mtaro, kwake vyote vilikuwa hewa tupu. Siri hiyo alimwambia mkewe peke yake.

Naye mkewe akamstiri. Kila chupa iliyoingia dukani aliinusa yeye kwanza, na alipomkabidhi mumewe, bangili zilisema. Mlio mmoja, waridi. Miwili, asumini. Mitatu, udi. Minne, kimeoza, kitupwe. Wateja walimsikia mwanamke anayetikisa mkono tu. Mumewe aliisikia pua yake.

"Wenzangu pua zao zina matundu, yangu ina bangili," alimtania wakiwa wawili.

Siku moja mkewe alimwomba jina lake liandikwe, japo kwenye chupa moja. Mumewe alicheka hadi mbavu zikamuuma. "Nani atajipaka manukato ya bangili, mke wangu?" Mkewe naye alicheka, kidogo, akaendelea kufuta chupa.

Kwa hiyo asubuhi ile mke hakumtia shaka. Aliyemtia shaka ni mdogo wake, aliyejitokeza bila kuombwa, akasema kitu cha mwisho cha mtihani atakileta yeye.

Chupa tatu za kwanza hazikumsumbua. Mkewe alizinusa, akazipeleka mbele, bangili zikalia.

"Waridi," alisema. "Hii asumini. Na huu ni udi, mkavu, wa shina la kale."

Baba mdogo alitikisa kichwa kwa ridhaa. "Watu wana midomo jamani," alinong'ona.

"Bado mimi," alisema mdogo mtu, akakitua chungu mezani. "Shemeji, hebu msogelee kaka."

"Umeniletea nini?"

"Kitu ambacho hata aliyelala fofofo atakijua, kaka."

Mchanganya manukato aliisikia kebehi ndani ya maneno hayo, akaimeza. Ndoo ikaondolewa.

Lilikuwa ua moja tu, pana kama sinia. Petali yake ya zambarau iliyokoza ilikuwa laini kama mahameli, imejikunja ukingoni mfano wa kola ya joho, na katikati umechomoza ulimi mrefu, mweusi, unaong'aa. Katika umri wake wote mchanganya manukato hakuwahi kuona ua la fahari namna ile.

Baba mdogo alikohoa. Akainuka akafungua dirisha. "Humu mna joto," alisema, leso mdomoni.

Nzi wawili wakaingia, wakatua juu ya ua. Wakafuata wengine. Utamu ulioje huu, aliwaza mchanganya manukato, hata nzi wanaukimbilia.

Mkewe aliinama akanusa, akainuka, uso umetulia. Akakisukuma chungu mbele ya mumewe. Bangili zikalia mlio mmoja, safi.

Mchanganya manukato naye akainama, akavuta pumzi ndefu ya hewa tupu.

"Waridi," alisema kwa sauti iliyojaa. "Waridi lililokomaa, tulivu. La kumpaka bibi harusi."

Zilisikika mbawa za nzi.

"Mwanangu," alisema baba mdogo taratibu, "chumba kizima kinanuka mzoga."

Mchanganya manukato akamgeukia mdogo wake. "Umenichimba. Tumbo moja mimi na wewe, nawe umekwenda kutafuta ua la kunifedhehesha mbele ya baba."

"Nimelitafuta, ndiyo." Mdogo mtu alikuwa akilengwalengwa na machozi. "Habari ya pua yako naijua siku nyingi, kaka. Nikatafuta lenye uvundo usiofanana na kitu kingine, ili usiwe na namna ya kukosea. Na jana nilimweleza shemeji, nikamwambia chini ya ndoo mna ua linalonuka mzoga, ili akudokeze."

Mchanganya manukato hakugeuka. Nyuma yake mkewe alikuwa akivua bangili. Alizitua mezani, kando ya funguo, moja baada ya nyingine, naye mumewe akazihesabu kama alivyozoea. Mlio mmoja. Miwili. Mitatu. Minne.

Akasimama, akainyoosha kofia yake. "Mola awabariki mnaobaki," alisema.

"Amina," akaitikia mkewe.