Uchafu Ulioshika Gia

Uani kwao Muyinga, Sudi alipofungua boliti ya giaboksi, mafuta yalitoka meusi, yakinuka kuungua. Ndipo akakumbuka onyo la fundi: gari lililozeeka na mafuta yake usilibadilishie, maana uchafu huo ndio unaoshika gia.

Yaliyomwagika hayazoleki. Akajaza mapya, mekundu, akamketisha kiti cha nyuma mama yake asiyeona, waende hospitali ya Gitega akapasuliwe macho.

Akatia gia. Injini ikanguruma, gari likatetemeka, magurudumu hayakujongea hata shibiri. Akakanyaga tena, vidole vyenye mafuta vikiteleza kwenye usukani.

"Leo we unaendesha taratibu, mwanangu," mama akasema, akivuta uradi. "Tumeshapita Gasorwe?"

Sudi aliutazama ukuta wa jiko lao, uliokuwa palepale mbele ya kioo.

"Tunakaribia, mama."