Dogo Anawahi Shule

"Mpige teke," mwongozaji alisema. "Si kwa nguvu. Teke la kuchekesha."

Dogo alimtazama mwigizaji aliyefungwa kitambi cha sponji, yule aliyekuwa baba kwenye video. Alikuwa ameinama chini ya dawati akitafuta miwani, makalio juu, akisubiri.

"Bosi, kwa nini nimpige baba teke?"

"Kwa sababu watazamaji wetu wana miaka kumi na minne. Kwenye video zangu mzazi ni kichekesho. Anafoka, anaanguka, anatoka. Wakicheka, wanawatumia wenzao. Haya, kamera!"

Dogo akapiga. Kitambi kikahamia mgongoni, na chumba kizima, kilichopakwa rangi na kupangwa kama darasa, kikaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Pole, kaka," alimnong'oneza mwigizaji.

"Usijali, kaka. Kazi ni kazi."

Simu ikatetemeka mfukoni mwa kaptula yake. Namba ilikuwa ya karani wa shule, lakini sauti ilikuwa ya Mama, ya chini na kali.

"Uko wapi?"

"Nakuja, mama. Kimebaki kipande kimoja tu."

"Wiki iliyopita pia kilikuwa kipande kimoja tu. Umekula?"

"Bado."

"Unaona? Sasa nisikilize. Mimi niko ofisini hapa, nimekaa kama mshtakiwa. Mkuu amesema usipofika kabla ya kengele ya kutoka, habari ya shule imekwisha. Na umevaa nini?"

Dogo alijitazama. Shati jeupe, tai iliyolegezwa makusudi, soksi za kupanda magotini.

"Nguo tu."

"Nilikuomba uachane na huo upuuzi."

Simu ikakatwa.

Kilichomuuma ni kwamba kesi yenyewe ilizaliwa na wimbo wake. Mtu alisema neno darasani kuhusu Dogo, mtu akajibu kwa ngumi, pua ikatoka damu. Sasa nafasi ya mwanafunzi mmoja ilikuwa inaning'inia kwenye uzi, na yeye yuko hapa anapiga watu mateke ya kuchekesha.

"Twende kwa msichana!" mwongozaji aliita.

Msichana alisimama mbele ya ubao, ameipa kamera kisogo. Tangu asubuhi hakuna aliyemruhusu kugeuka.

"Hata mara moja asionyeshe uso?" Dogo aliuliza.

"Akiwa na uso, atakuwa mtu. Akiwa na kisogo, kila msichana anayetazama atajiona ni yeye. Nafasi lazima ionekane iko wazi, Dogo. Hiyo ndiyo biashara. Wewe mtazame, halafu itazame kamera, halafu uume mdomo."

Dogo akauma mdomo.

"Si hivyo! Umeuma kama mtu mwenye jino bovu. Uume kama mtu mwenye siri. Na usicheke kwa macho, nimeshakwambia. Cheka kwa meno tu."

Dada wa vipodozi akaja mbio na sifongo yake, akamkandika pembeni mwa macho mpaka ngozi ikakaza kama ngoma.

"Bosi," Dogo alisema, akijitahidi kutokunja uso, "tupige ubeti wangu, basi niondoke. Nina mtu ananisubiri shuleni."

"Ubeti upi?"

Akaughani pale pale, bila muziki:

*Nimechoka na kivuli, juani nataka kuwa,*
*niseme jina la kweli, hata nikikataliwa.*

Mpiga picha alishusha kamera. Msichana akasahau, akageuka. Dogo akahisi kifua kimepanuka. Maneno yale aliyapima mwenyewe, mizani kwa mizani. Hakufundishwa na mtu.

"Mazuri," mwongozaji alisema. "Nimeyatoa."

"Umeyatoa?"

"Mahali pake tumeweka 'ye-ye-ye' na ile ishara ya vidole. Vijana hawaigi ubeti, wanaiga vidole. Kila mstari mmoja, picha tatu za haraka. Wakipewa nafasi ya kufikiri, wanahamia video nyingine."

"Wana akili, bosi. Wewe ndiye unawafanya mazuzu."

"Na wewe ndiye uso wa uzuzu wenyewe!" Mwongozaji alicheka, kisha sauti ikabadilika. "Usinitunishie misuli. Nani alikuwa anakujua kabla sijakuita Dogo? Ukitoka mlango ule leo, usirudi. Nje kuna Dogo kumi wanasubiri hiyo sare."

Dogo aliutazama mlango. Akamtazama baba wa sponji, aliyekuwa anapangiwa kuanguka kwa mara nyingine.

"Wape," alisema.

Akatoka. Nguo zake zilikuwa zimefungiwa kwenye gari la mwongozaji, na hakuwa tayari kuomba ufunguo. Alikimbia vivyo hivyo, tai begani, goti likilalamika, madereva wakimpigia honi. Alipofika kwenye geti la shule, mlinzi alikuwa ameshika kengele mkononi.

"Muda huu ndio wa kuja shule?" mlinzi alifoka. "Kimbia, wewe, kabla sijakuandika jina!"

Alipita ukumbini, akagonga mlango wa ofisi, akaingia akihema.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono mapajani, macho mekundu, na kando yake mwanafunzi mwenye bendeji kwenye ngumi. Alimtazama kuanzia soksi mpaka tai, akafumba macho.

Mkuu wa shule aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake.

"Chomekea shati, kijana, halafu ukae pale na mwenzako. Bado tunamsubiri baba yake."

Mama akashusha pumzi ndefu.

"Ndiye huyo, mwalimu."